Heshima ya Santimetre Makumi Ine

Eh, batu ya parking! Mukaribie huku kwa kivuli. Weye mwenye kofia nyekundu, laza kinga yako chini, baiskeli pia inachoka, client hawezi kukuja na jua hii, hata mbwa za Makiso zimelala. Na weye mama wa kwanga, punguza radio kidogo. Leo ninataka kubaelezea ginsi miye, mutu mwenye alikimbia shule mwaka ya tatu ya primaire juu ya table ya saba, ile ya kuzidisha, nilifanya hesabu ya ingénieur pale kwa beach, kule mashua zinafikia, na ginsi ile hesabu ilinitupa chini mbele ya familia yote ya bibi yangu. Mumeanza kucheka? Bado sijaanguka. Mungojee kwanza nianguke.

Bon. Ilianza na chumvi.

Asubuhi moja bibi yangu aliniambia: « Papa ya batoto, pondu iko kwa moto, kimbia uniletee chumvi. » Kwenda na kurudi ni dakika kumi, hata kwa mutu mwenye anatembea na mukongojo. Lakini kwa kona nilikuta batu banabishana juu ya mamba moja ilionekana upande wa Lubunga. Moja anasema mamba iko na metre tatu. Metre tatu! Miye mwenye nimeona ya metre kumi na moja, na mukia nilikuwa bado sijaona. Sasa munataka nifanye nini? Nibaache batu mu giza? Nilikaa nibasaidie. Nilirudi nyumbani jua inazama, mamba imefika metre kumi na sita, na chumvi hakuna.

Mara ya kwanza kurudi hivyo, bibi yangu alipakua pondu bila chumvi. Mara ya pili sahani alizigonga kwa nguvu. Mara ya tatu alifunga pagne zake mu valise, akasema: « Chumvi yote unatia mu hadithi zako, kwa nyungu yangu haifikake. » Akaenda kwa tonton yake, mujomba yake, kule Kabondo.

Wiki tatu! Wiki tatu nilipika miye mwenyewe. Ugali yangu, ukiitupa kwa ukuta, ukuta njo inapasuka. Kuku mwenyewe alionja, akaniangalia kama mutu, akaenda kulala kwa jirani mupaka leo. Nikaona, hapana, hii si maisha. Nikavaa shati ya kola, nikaenda kwa tonton kuomba.

Tonton ya bibi yangu ni mutu wa kusema polepole. Alikaa kwa kiti yake, akaniacha nipige magoti mupaka magoti ikasahau kazi yake, kisha akasema:

« Samedi ya wiki hii mama ya bibi yako anashuka na baleinière, ile mashua ndefu, kutoka Yanonge. Familia yote itakuwa hapa. Weye njo utaenda kumupokea kwa beach. Utamufikisha kwa huyu mulango mbele ya midi, saa sita ya jua, muzima, na heshima yote. Mutu mwenye anashindwa kufikisha chumvi, tuone kama anaweza kufikisha mutu. Ukimufikisha vizuri, unarudi na bibi yako. Ukishindwa, bibi yako atapanda baleinière na mama yake, na weye utakula mamba yako ya metre kumi na sita. »

« Tonton, » nikasema, « ile kazi ni ndogo. Miye ninabeba batu na kinga tangu mwaka kumi na tano. Nilishabebaka bwana harusi, bibi harusi, na témoin wao wa ndoa, mara moja. »

« Njo mudomo ile, » tonton akasema, na akaingia ndani.

Sasa kwa mwenye hajui kwetu: mama ya bibi ni bokilo. Na bokilo haumugusi mukono. Haukai naye kwa banc moja. Haukule mbele yake. Akikuja na njia hii, weye unageuka na ile. Mwaka makumi mbili na moja nimeoa mutoto yake, na sura yake miye niliijua upande wa kushoto tu, juu ya ginsi nilikuwa ninapita nimeinama. Mukinionyesha upande wa kuume, ningesema simujui huyu mama.

Donc, samedi asubuhi, niko kwa beach ya Makiso na kinga yangu imeosheka mupaka inang'aa. Nilikuja na mutoto yangu mwanamuke, mukubwa yao, ile anasoma mambo ya bâtiment, kujenga manyumba. Nilimuleta juu ya kusema. Miye na bokilo hatusemeshane usoni, inabidi mutu katikati. Na mutoto ya mutoto na koko yake, hao wanaruhusiwa kila kitu, hata kutukanana.

Baleinière ikafika. Batu bakashuka, mbuzi bakashuka, bidon za mafuta zikashuka. Kisha bokilo akashuka. Ndugu zangu, miye sipendake kuongeza. Lakini alivyoweka muguu inchi kavu, ile baleinière ilipanda mu maji metre moja na nusu, na capitaine akaanguka kwa kiti. Mama mukubwa kweli, mwenye afya, anatembea polepole kama mutu anajua hakuna mwenye atapita mbele yake. Na basini ya samaki ya moshi, na mufuko moja ya loso, ule muchele, zawadi kwa familia.

Nilisalimia na kichwa chini. Niliona vidole vya miguu yake, navyo vikanisalimia.

« Papa, » mutoto yangu akasema, « tutafute moto, pikipiki ya kubeba batu. »

Bokilo alisikia. Akageukia mutoto: « Ambia baba yako miye sipande kitu yenye iko na moto katikati ya miguu. Mara ya mwisho nilipanda, iliniangusha mu caniveau ya maji machafu, na chauffeur akaniuliza kama caniveau imeumia. »

Bon. Inabakia kinga, toleka yetu ya kubeba client. Lakini miye siwezi kumubeba miye mwenyewe! Client wa toleka anakaa nyuma yako, tumbo yake kwa mugongo yako, kila shimo ya njia munagongana. Na bokilo? Heri nikufe. Nikakimbia kwa barafiki, batu ya toleka, ine benye balikuwa pale. Hao ine, munabajua, ni bale bale wako hapa banajifanya kuangalia chini.

« Ndugu, unibebee mama huyu mupaka Kabondo. »

Wa kwanza akamuangalia bokilo, akasema: « Grand, pneu yangu imetoboka. »

« Pneu gani? Ulijaza pumzi sasa hivi, nilikuona! »

« Njo maana nasema. Imeshaanza kuogopa. »

Wa pili alisema iko na homa. Wa tatu alianza kufungua chaîne yake na mikono yote miwili, chaîne ilikuwa nzima. Wa ine aliacha kinga yake pale pale akakimbia na miguu.

Basi nilibakia miye. Jua inapanda, midi inakuja, bibi yangu iko kule Kabondo amefunga valise na hajui itafunguliwa wapi. Nikafikiri. Na miye nikifikiri, muniogope. Nikaona planche moja ya caisse, ubao ya sanduku, imetupwa kando ya maji, ndefu, nguvu. Akili ikapiga kama umeme: ile porte-bagages ya kinga, pahali client anakaa, ni fupi, njo maana client anakugusa. Nikiirefusha na planche, bokilo atakaa mbali kule nyuma, miye huku mbele, katikati heshima tupu. Nikafunga planche na kamba za caoutchouc, vifundo kumi na vinane. Nikaweka kiti ya client kwa mwisho kabisa. Nikasimama nikaangalia ile kazi. Nilikuwa karibu kulia. Nilisema ndani ya moyo, hata balaya, batengenezaji ya kinga, hawajafikiriaka kitu hii. Kumbe balikuwa na maana ya kutokufikiria.

Nikapanda mbele, nikashika gidon, usukani ya kinga. « Ambia koko yako akae. »

Bokilo akakusanya pagne, akakaa kwa mwisho ya planche.

Ndugu zangu, kinga ilisimama! Roue ya mbele, gurudumu yote, iliondoka chini ikaenda juu, ikaangalia mbingu, kama mbuzi anafikia majani ya juu. Miye nilibakia nimeninginia kwa gidon, miguu inapiga hewa, ninaona sehemu ya mji nilikuwa bado sijaonaka, hata manara ya cathédrale nilikuwa ninaiangalia chini. Na bokilo? Hakuanguka hata kidogo. Miguu yake ilifika chini, akasimama tu, kama mutu anatoka kwa kiti. Alivyosimama, kinga ikarudi chini na miye ndani yake. Pwaa! Meno ikagonga meno.

Beach yote ikalala kwa kicheko. Mama moja mwenye anauzisha makemba, ndizi za kupika, alisema: « Papa, ile avion yako inaenda Kinshasa ao Goma? »

« Ambia baba yako, » bokilo akasema, « miye nitatembea na miguu. »

Ile ingeniuwa. Kuacha bokilo atembee na miguu mupaka Kabondo, na miye niko na kinga pembeni? Tonton angefunga mulango mbele sijafika. Nikaanza kulaumu. « Ni uzito, » nilimuambia mutoto yangu pole pole. « Koko yako iko muzito sana. »

Mutoto yangu alikuwa anafuta machozi ya kucheka. Akasema: « Papa, haiko uzito. Ni heshima yako. »

« Heshima yangu imefanya nini? »

« Imekuwa ndefu sana. Kuja uone. »

Akapiga magoti mu muchanga, akachora kinga na kijiti. Telephone yake ilikuwa imezima, donc hesabu yote ilifanyika chini pale, batu bamezunguka, kila mutu anatoa maoni.

« Angalia papa. Roue ya nyuma inagusa chini hapa. Kinga yote inataka kuzunguka juu ya hii alama. Mwenye iko mbele anaivuta kushuka mbele. Mwenye iko nyuma anaivuta kushuka nyuma. Lakini nguvu ya kuzungusha haiko kilo peke yake. Ni kilo mara umbali kutoka hapa. Kwa shule tunaita moment. Mutu mwepesi akikaa mbali, anashinda mutu muzito mwenye iko karibu. »

« Ile najua, » nikasema. Sikujua. Lakini batu balikuwa banaangalia.

« Unajua? Basi unambie, weye uko na kilo ngapi? »

« Makumi tisa. »

Batu ya beach bakacheka tena. Pale kwa beach iko balance kubwa ya kupimia mifuko. Mutoto akanisukuma juu yake. Kilo makumi tano na tano, na bottes za mvua ndani. Mama wa makemba akasema: « Na ile mudomo yote? Kumbe inabeba upepo tu! »

Ikabakia kilo za bokilo. Nani atamuuliza? Miye nilianza kuangalia maji ya fleuve kama mutu anatafuta samaki. Lakini mutoto alimushika koko yake mukono: « Koko, panda huku nione kama Yanonge banakulisha. »

« Weye mutoto mubaya, unataka kuniuzisha kama muhogo? »

« Nani atakununua, koko? Camion ya kukubeba iko wapi? »

Bokilo akacheka mupaka balance ikatetemeka, akapanda. Kilo makumi tisa na nane. Akasema ile ni uongo, akatosha kitambaa ya kichwa, akapanda tena. Makumi tisa na saba na nusu.

« Tuandike mia, » mutoto akasema. « Kwa bâtiment tunaongezaka kidogo, juu ya sécurité. »

« Andika makumi tisa na saba! » bokilo akasema. « Ile sécurité muongeze kwa baba yako mwenye amekonda. »

Lakini mutoto aliandika mia. Akatosha mètre ruban mu sac yake ya shule, akapima. Kutoka roue ya nyuma mupaka pahali bokilo anakaa: santimetre makumi ine. Mia mara makumi ine, elfu ine, inavuta nyuma. Sasa mbele. Miye, kilo makumi tano na tano, ninakaa kwa selle, santimetre makumi mbili na tano mbele ya ile roue ya nyuma. Kinga yenyewe, kilo makumi mbili, katikati yake iko santimetre makumi tano. Alipiga, akajumlisha: elfu mbili na mia tatu na makumi saba na tano. Miye pia nilipiga, na vidole. Nilipata tofauti. Tukachukua ya kwake.

« Umeona papa? Nyuma elfu ine, mbele elfu mbili na kitu. Njo maana ulipanda mbingu. »

Mutu moja nyuma, simujui, akasema: « Ni kweli! » kama ni yeye alivumbua.

« Sasa, » mutoto akasema, « dawa iko mbili. Dawa ya kwanza ni ya bure. Tunatosha planche. Koko anasogea karibu na weye, anakaa santimetre makumi mbili. Mia mara makumi mbili ni elfu mbili. Mbele inashinda. Munaenda vizuri. »

Nilisikia baridi kwa mugongo, pale pale ile tumbo ingegusa. Bokilo alipiga mikono, pa! pa! « Ambia baba yako hata mia ya mara makumi mbili, hata elfu, miye sikai kwa mugongo ya bwana ya mutoto yangu. Kwetu Yanonge batasema nini? »

« Dawa ya pili, » miye nikasema haraka.

« Dawa ya pili, tunafunga ule mufuko ya loso kwa gidon. Iko na kilo ngapi? »

Balance ikasema makumi mbili na tano. Na kutoka roue ya nyuma mupaka gidon, santimetre makumi nane. Makumi mbili na tano mara makumi nane ni elfu mbili. Elfu mbili na ile ya mbele: elfu ine na mia tatu na makumi saba na tano. Juu ya elfu ine. Mbele inashinda!

« Lakini inashinda kidogo, » mutoto akasema, na akanionyesha kidole. « Papa, sikia vizuri. Kwa mulima, inama mbele. Na koko asirudi nyuma hata kidogo. Na ule mufuko, usiuguse mupaka koko ashuke. Njo mufuko unashikilia koko chini. Umesikia? »

Nilisikia. Wallahi nilisikia. Tukafunga mufuko kwa gidon. Bokilo akakaa. Batu yote ya beach bakarudi nyuma hatua tatu, mama wa makemba akafunga macho. Roue ya mbele ikatetemeka, ikafikiri kidogo, ikabakia chini.

Tukaondoka! Ndugu zangu, kama mungeniona. Mufuko mbele, bokilo nyuma, katikati ya siye planche ndefu hata kuku angeweza kutembea juu yake. Mutoto yangu alitembea pembeni na basini ya samaki kwa kichwa. Nilisema alitembea? Alitupita. Anafika kwa kona, anatungoja, anasoma cahier yake, anafunga, tunafika, anaanza kutembea tena. Miye ninapiga pédale, jasho inashuka mupaka inaanza kuosha njia.

Pale njia inapanda kidogo, mulima ya hapana kitu, ile hata maji haione kama ni mulima, roue ya mbele ikaanza kuwa nyepesi. Gidon inageuka yenyewe kama mutu mulevi. « Papa, inama! » Nikainama. « Inama tena! » Nikalala kabisa juu ya mufuko, kidevu mu loso, matako juu, ninapiga pédale hivyo hivyo. Na kwa ile saa njo nilikuta kijana moja wa toleka mwenye kunifahamu.

« Eh, grand! » akapaza sauti. « Hiyo loso unaibeba ao unaipenda? »

« Ni moment ya nguvu! » nikajibu na kinywa mu mufuko.

« Nguvu gani? Naona uchovu tu! »

Planche ilikuwa inatetemeka, na nilijua haiko njia, ni tumbo ya bokilo, anacheka.

Tulipita mashimo, tulipita matope, shimo moja ilikuwa kubwa mupaka nilidhani nimeona batu ya upande mwingine wa dunia banatembea. Na roue ikabakia chini. Polepole nikaanza kuamini. Nikaanza kuwaza: kumbe miye ni ingénieur, ni maisha tu ilikosa. Nikanyoosha mugongo. Nikasalimia batu na mukono moja. Mutoto akanipiga kelele nirudishe mukono, nikarudisha.

Na kule mbele, parcelle ya tonton, kiwanja yake! Midi ilikuwa bado. Familia yote inje, viti vimepangwa, ma-tonton, ma-tantine, jirani benye hawakuitwa. Na kwa mulango, bibi yangu, amevaa pagne ile nilimupatia mwaka moja nilipokuwa na akili. Alikuwa ameweka mukono kwa kinywa. Nilimuona ananiangalia, anaangalia mama yake, muzima, kavu, kitambaa ya kichwa hata haijageuka. Nikasikia moyo inapanda. Nilisimamisha kinga polepole, kama mutu anaweka yai chini. Nikaweka vidole vya miguu tu chini, matako bado kwa selle. Sikugusa mufuko. Sikugusa! Nilikumbuka kila neno.

Lakini nani alikuwa amemuambia tonton juu ya mufuko?

Munajua kwetu. Mugeni akifika, haumusalimie na muzigo bado. Kwanza unamupokea muzigo. Ukimuacha mugeni na muzigo, ni kusema: rudi kwenu. Na huyu haiko mugeni wa hapana kitu, ni dada yake mukubwa, anatoka Yanonge, na zawadi kwa gidon. Tonton yule wa kusema polepole, siku ile alikimbia kama kijana. Mikono imefunguka, uso unacheka: « Karibu, dada! Karibu! Tupokee muzigo! »

« Tonton, hapana! » mutoto yangu akalia kutoka nyuma. « Loso! Uache loso! »

« Hapana mutoto, ni heshima, » tonton akajibu. Akakata kamba moja, akabeba mufuko.

Mu ile seconde, ndugu zangu, niliona hesabu yote. Niliona muchanga, kijiti, elfu mbili inaondoka kwa gidon na inaingia mu mikono ya tonton. Miye ni wa kwanza mu familia yetu yote kuanguka nikijua juu ya nini.

Roue ya mbele ikaenda mbinguni. Miguu yangu ikaondoka chini. Bokilo hii mara hakutazamia, alikuwa amenyoosha mikono kumusalimia ndugu yake, akashuka na planche yote, akakaa chini mu vumbi, puu, miguu imenyooka mbele. Na miye? Gidon ikaniacha. Ile planche ilikuwa sasa kama toboggan ya batoto. Nikateleza mugongo mugongo, nikapita mu heshima yote, santimetre makumi ine, nikaipita mumoja mumoja, nikafika mwisho.

Nilifika kwa mapaja ya bokilo. Nimekaa. Vizuri, kama mutoto wa kunyonya. Mukono yake moja ilikuwa imenishika kwa tumbo, nisianguke zaidi. Na kwa mara ya kwanza mu mwaka makumi mbili na moja niliona upande wa kuume wa sura yake, karibu, karibu sana.

Tonton alisimama na mufuko mu mikono kama mwizi. Tantine moja alianza kufanya ishara ya musalaba, ikakwama kwa bega. Bibi yangu alifunga macho. Nilitaka kusema pardon, kinywa, ile kinywa inasifiwa Makiso yote, ikatema vumbi tu. Nikajua imekwisha. Nikaanza kuona baleinière inaondoka, bibi yangu ndani yake na valise.

Bokilo akaniangalia chini. Akainua kichwa, akaangalia ma-tonton, moja moja. Na akapaza sauti, sauti ya mama wa fleuve, ile inafikaka ngambo ya pili:

« Mumurudishie bibi yake leo leo! Kama hapana, huyu mwanaume atanioa miye! »